Malalamiko Dhidi ya Petronila

"Sifungui," Faustine alisema bila hata kuinua macho. "Nusura nifukuzwe kazi kwa ajili yako, mama."

Petronila, karani wa shule huko Butiama, alikuwa amesimama mbele ya meza ya kijana huyo mjini Musoma, pochi ameikumbatia kifuani. Anwani yake ya barua pepe ilikuwa imefungwa tangu Jumatatu. Leo ni Ijumaa.

"Nifungulie barua moja tu, baba. Moja! Baada ya hapo funga mpaka kiama."

"Unajua jina letu limechafuka kiasi gani?" Faustine alifoka. Ana ulimi mkali kijana huyu, lakini kazi yake anaijua. Kampuni yao ndogo ndiyo inayopeleka barua pepe za shule na zahanati kibao, na wiki nzima barua hizo zilikuwa zinakataliwa huko ziendako, kisa malalamiko juu ya mtu mmoja. "Kuna zahanati Kiriba inaomba dawa, ombi linatupwa. Kwa sababu wewe unasumbua watu!"

"Watu gani? Mimi namwandikiaga mtu mmoja tu. Burito, mwanangu."

Miaka mitatu iliyopita Burito aligombana na marehemu baba yake, akaondoka akisema wasimtafute tena. Simu akaizima. Kilichobaki ni anwani yake ya barua pepe. Machi mwaka huu mtu akaleta habari za shimo la dhahabu lililofukia vijana, eti Burito alikuwa mmoja wao, na tangu siku hiyo Petronila akawa anaandika asubuhi, mchana na jioni: umekula? mvua imenyesha, rudi nyumbani. Jibu hakupata hata moja. Ukoo ukachoka kusubiri. Kesho wanazika mgomba badala ya mwili, ili roho ya Burito ipumzike.

"Kaburi limeshachimbwa," Petronila alisema, machozi yanamtiririka na hayafuti. "Shemeji yangu Clementi anautia panga mgomba jioni hii. Nataka nimuage mwanangu kwa njia hiyohiyo niliyokuwaga nazungumza naye. Nihurumie, jamani! Nitamzikaje bila kumuaga?"

Faustine aliona aibu, lakini pia hakutaka ionekane kwamba amemwonea mama wa watu. Akageuza kompyuta imwelekee.

"Basi ona mwenyewe. Umetuma barua mia nne na moja. Malalamiko ni mia nne."

Petronila akavaa miwani. "Nani kalalamika?"

"Huyohuyo unayemwandikia. Barua ikifika, anabonyeza palipoandikwa 'barua taka', na sisi tunaletewa taarifa."

"Mashine haiwezi kubonyeza yenyewe?"

"Hapana, mama. Hicho ni kidole cha mtu. Ya mwisho kabonyeza Jumapili, saa kumi jioni."

Petronila alishika ukingo wa meza. Faustine akamsogezea kiti.

"Na hiyo moja," aliuliza polepole, "ambayo hakulalamika. Ni ipi?"

Faustine akaitafuta. "Ya tarehe tisa Aprili."

Ilikuwa siku aliyomwandikia Burito kwamba baba yake amefariki.

Petronila hakuomba tena kufunguliwa. Alitoa simu kwenye pochi, akapiga nyumbani Butiama.

"Shemeji Clementi," alisema, "weka panga chini."