Korongo Aliyeisogeza Saa

Zamani za wanyama kuulizana saa, aliyeijua alikuwa Jogoo peke yake. Jua lilipochungulia aliwika, na zizi zima likaanza kuihesabu siku: saa moja, saa mbili, mpaka jioni. Kazi hiyo ndiyo iliyompa kichuguu cha kusimamia na heshima yote aliyokuwa nayo.

Ndipo akaja Korongo kutoka kaskazini, mwenye miguu mirefu na maneno marefu zaidi.

"Kwetu saa tunaisogeza mbele," alisema, "jioni ipate kurefuka."

"Saa moja hapa ni saa ya kwanza ya jua, bwana," Jogoo akajibu. "Nikiisogeza saa, jua nilisogeze na nani?"

Kanga alicheka mpaka akakaa chini. "Jogoo wetu kapitwa na wakati! Shuka, baba, umpishe mgeni."

Jogoo akashuka, kifua mbele vilevile.

Kesho yake Korongo aligonga mdomo gizani. "Saa moja! Amkeni!" Akatangulia bwawani kutafuta vyura, asione anapokanyaga, akazama topeni mpaka tumboni.

"Jamani! Kwani saa ngapi?" alilia.

"Kwa saa yako kumekucha," Jogoo alimjibu. "Kwa yetu, bado."

Mashariki ilipoanza kupauka, Kanga alisogea taratibu. "Panda, baba. Tunakungoja wewe tukamtoe."

Jogoo akapanda kichuguu chake, akakung'uta mbawa.

"Wakati haukunipita, dada Kanga. Mgeni ndiye aliyeupita."

Kisha akawika, na jua likatoka.