Pamba Iliyoungua

"Ongeza moto," baba yake akasema. "Hii kitu yako haina ladha hata kidogo."

Ruguru akabonyeza kitufe cha vepu, ile sigara ya umeme, akapandisha nguvu. Ni yeye aliyemnunulia baba kifaa hicho kule Embu mjini ili mzee aachane na sigara alizovuta tangu ujana. Alikuwa amemweleza vizuri: moto ukiwa mdogo, ladha ya embe hutoka tamu, moto ukizidi, pamba ya ndani huungua.

Baba akavuta. "Bado. Ongeza."

Akaongeza. Mvuke ukatoka mzito, na harufu ya pamba iliyoungua ikajaa jikoni ikaushinda hata moshi wa kuni. Ruguru akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Baba hakukohoa. Akavuta tena, taratibu, akatikisa kichwa.

"Baba, imeungua! Kwani huisikii?"

Mzee akasukuma kando kikombe chake cha chai, ambacho hakuwa amekigusa.

"Hata hii siisikii. Hata chumvi. Nilidhani ni mapishi yako, nikaona nisikuumize."

"Fungua mdomo."

"Wachana nayo, Ruguru."

"Baba, tafadhali."

Akafungua, macho ameyafumba. Ruguru akamulika kwa tochi ya simu. Pembeni mwa ulimi, nyuma kabisa, palikuwa na kidonda cheupe chenye kingo ngumu, kikubwa kama punje ya mahindi.

"Unaona nini?" baba akauliza.

Ruguru akazima tochi, akaenda kumletea koti lake la kanisani. "Vaa, twende hospitali."