Chemchemi ya Ngiri

Ngiri na Digidigi walikuwa majirani mlimani, kila mmoja na chemchemi yake. Ngiri, mpenda sifa, aliizungushia yake mikaratusi, miti ya kigeni irefukayo upesi. Digidigi akapanda mikuyu, kama babu zake.

“Jirani, miti yako bado inatambaa?” Ngiri alimcheka kila masika.

“Haina haraka,” Digidigi alijibu.

Mwaka wa saba, kiangazi kikali, Ngiri alipiga hodi na kibuyu kitupu. “Chemchemi yangu imekauka.”

“Haijakauka, jirani. Imepanda kwenye miti yako. Itazame kule kileleni inavyopepea.”

Ngiri akaitazama mikaratusi yake, akanywea. Digidigi akamjazia kibuyu, akampa na mche wa mkuyu.

“Huu utarefuka lini?” Ngiri akauliza.

“Kunywa kwanza.”