Mkono wa Kerubo

Zamu yangu ya kuanguka ilikuwa imefika.

Wenzangu wanne walikuwa tayari sakafuni, wakigaragara na kupiga mayowe. Wiki nzima wafanyakazi wa hoteli yetu walikuwa wakizimia, na Ijumaa hiyo asubuhi, kwenye ibada ya bweni letu la Al Rayyan, pembeni mwa Doha, Mama Maombi aliyeongoza sala alimtaja mchawi: Kerubo, anayepiga pasi mashuka. Kila aliyemshika mkono alianguka. Huo ndio ulikuwa ushahidi.

"Mshike, dada," Mama Maombi akaniambia. "Roho hadanganyi."

Nikaushika mkono wa Kerubo. Kiganja kilikuwa kigumu, chenye kovu la pasi lililong'aa kama nailoni. Kilikuwa na joto, kikinukia sabuni ileile tunayofulia sote. Magoti yangu yalijua yanachotakiwa kufanya. Wale wa sakafuni walipunguza mayowe. Mmoja akafumbua jicho kunitazama.

Kerubo hakunisihi. Aliinua kidevu, akangoja.

Nami nikanyoosha mgongo. Sikuwa nimesimama hivyo tangu nishuke kwenye ndege hapa Doha.

"Sisikii kitu, Mama. Huu ni mkono wa mtu wa kazi."

Mama Maombi akafunga Biblia yake taratibu.

"Kumbe mko wawili."

Watu wakarudi nyuma. Nikavibana vidole vya Kerubo, kisha nikamnyooshea aliyenifuata kwenye foleni mkono wangu wa pili.

"Haya, dada," nikamwambia. "Na wangu ushike."