Mlango wa Chumba cha Barafu

Mgeni aliupima mlango mara ya tatu, akaitazama tepu kana kwamba imemtukana.

"Mashine iliingiaje humu?" akauliza.

"Kwa taabu, kama sisi wote tulivyoingia duniani," alijibu mwenyekiti wa kikundi cha wanawake. "Pita, fundi. Pita kiubavu. Na usiegemee hapo, chokaa itakuharibia shati."

Mgeni akafungua mdomo. "Mama, mimi kwa kweli..."

"Umechoka, najua. Barabara yetu inachosha hata matairi. Kipaza, mletee fundi maji!"

Kipaza, mweka hazina, aliitwa hivyo kwa sababu alipokuwa akinong'ona nyumbani, waliokuwa ufukweni waliitika. Alimpa mgeni bilauri kwa mikono iliyokaukiwa saruji hadi viwikoni. Kisha akatoka kuwashughulikia wapagazi wawili waliokuja na mgeni kwa lori, majitu yenye vifua kama makabati. Aliwaketisha kivulini, akawajazia sahani, akawasihi wasiwe na haraka ya kushusha kamba zao.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Saa nne angefika mnunuzi wa samaki. Mara mbili alikuwa amekuja akakuta hakuna barafu, na mara mbili aliondoka na makreti matupu. Safari ya pili alisema bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililowatisha: "Nikikosa barafu mara ya tatu, njia hii siijui tena."

Hapakuwa na mnunuzi mwingine. Kijiji kilikuwa mwisho wa barabara, ukikipita, unalowa. Nyumba kumi na moja zilishatiwa kufuli. Waliondoka wanaume, wakafuata mabinti, mwisho akafungasha hata mwalimu. Wanawake kumi na tisa waliobaki walifyatua matofali, wakajenga chumba kwa mikono yao, wakaliandikia shirika moja la mjini mpaka likawapa mashine ya barafu. Sharti la kwanza lilibandikwa ukutani: isifunguliwe na mtu asiye wa shirika.

Ilifanya kazi miezi minne. Halafu asubuhi moja ikazima, na sasa ilikuwa wiki ya tisa. Fundi wa shirika walikuwa wamempigia simu hadi akawa anasema "Nipo njiani" kabla hajasalimiwa.

"Iangalie tu," mwenyekiti alisema. "Huko nje kuna makapu thelathini ya samaki wa alfajiri chini ya magunia yaliyoloweshwa. Tunayamwagia maji kama wagonjwa wa homa."

"Mama, sikuja kwa ajili ya..."

"Wewe si mtu wa shirika?"

"Ni mtu wa shirika, ndiyo, lakini..."

"Basi sharti limetimia." Akamtia bisibisi mkononi.

Labda ilikuwa ile bisibisi. Labda walikuwa wale wanawake waliojazana dirishani, mmoja wao akiwapepea samaki kwa mfuniko wa sufuria. Mgeni alipumua kwa nguvu, akakunja mikono ya shati.

"Niliwahi kukaa na lori la friji miaka sita," alisema, kama anayejibembeleza mwenyewe. "Hebu tuone."

Alifungua kifuniko. Chumvi ilikuwa imeganda kwenye feni kama ukoko chunguni, na waya mmoja ulikuwa umeliwa hadi ukabaki uzi. Akakwangua. Akakata. Akaunga. Mwenyekiti alisimama nyuma yake akimulika kwa tochi, na mwanga ukawa unahamia dirishani, kwenye makapu.

"Mama, shika vizuri."

"Nimeshika vizuri. Macho ndiyo yamekwenda kwa samaki."

Saa tatu na robo akabonyeza swichi. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Nje mtu akaanza kulia, kwa sauti ya chini, ya kuona haya.

"Nani huyo anayetutangulizia matanga?" Kipaza alifoka. "Futa kamasi, maiti bado hatujaiona!"

Mgeni akachomoa waya, akausugua tena, akaukaza. Alisahau kabisa kwamba alikuwa na jambo la kusema. Akabonyeza. Mashine ikakohoa, ikatetemeka mwili mzima, ikaanza kunguruma. Wote wakaisubiri inyamaze. Haikunyamaza.

Dakika ishirini baadaye vipande vya kwanza vya barafu vilianguka kwenye pipa, vikilia kama vigae. Wanawake waliingia kiubavu mmoja mmoja na ndoo zao. Kipaza alichukua kipande akakiweka mdomoni, na kwa mara ya kwanza maishani akanong'ona, "Baridi," bila ufukwe kuitika. Makapu yakaanza kujazwa.

Mgeni aliketi juu ya kreti. Furaha ilimtoka usoni polepole. Akatoa mfukoni karatasi iliyolowa jasho, akamnyooshea mwenyekiti.

"Mama, nisamehe. Nilijaribu kukwambia tangu mlangoni. Mimi si fundi, mimi ni dereva. Nimetumwa kuichukua mashine. Imekaa muda mrefu bila kazi, wameipangia kijiji kingine."

Ndoo zilisimama. Kilichosikika ni barafu tu ikianguka, na kwa mbali, honi ya lori la mnunuzi.

Mwenyekiti hakuisoma ile karatasi. Aliikunja mara mbili, akairudisha kwenye mfuko wa shati la dereva, kisha akampangusa chokaa begani.

"Tunajua, mwanangu," alisema. "Barua yenu tuliipata Jumanne. Mlango tukaupunguza Jumatano."