Firigisi ya Siku ya Nne

Siku ya nne baada ya Krismasi, Eliaichi aliipasha tena firigisi ya mumewe. Kuku mzima aliliwa sikukuu ileile, lakini firigisi ni ya mwenye nyumba, naye hajafika. Kila asubuhi aliiongezea maji, akaichemsha isichache.

"Mama, imesinyaa kama kifungo," binti yake alisema.

"Iache. Baba yako yuko njiani."

Nje, waliokuja kula sikukuu walikuwa wanarudi makazini na mikungu yao ya ndizi. Kandoya, jirani anayefanya kazi mji mmoja na mumewe, akapita kuaga.

"Shemeji, kaka yuko wapi? Mkesha wa Krismasi nilimkuta sokoni kulekule mjini, ananunua jogoo, tena mkubwa! Nikajua anawaletea ninyi."

"Amelala," Eliaichi akajibu. "Nitamwambia umepita. Safari njema."

Akarudi jikoni, akafunua sufuria. Tangu azaliwe hajaonja firigisi. Mama yake alimfunza kwamba si ya mwanamke. Akaitia yote mdomoni. Binti yake akasimama mlangoni, ameduwaa, sahani ya baba mkononi.

Eliaichi alitafuna mpaka taya zikamuuma. Haikumezeka, na kuitema hakuitema.