Pampu Inayonyonya Chini

Waliporudi toka ukimbizini, kisima kilinuka dizeli. Zulfa akabuni pampu ya kutenganisha: dizeli huelea, kwa hiyo mrija wake ulinyonya chini kabisa.

Maji yakatoka meupe. Kwa desturi yao mkubwa huonja kwanza, na bibi yake Zulfa akapokea kata kwa mikono miwili.

"Mnaogopa nini nyie?" aliwatania majirani. "Mjukuu wangu ataniua?" Akaiinua kata mdomoni.

Jirani mmoja akavuta toka kisimani dumu lililonaswa kwenye kamba. "Hili la dawa ya wadudu wa mikorosho, ati."

Zulfa akamgeukia bibi yake. Sumu ile ni nzito, huzama chini, pale pale mrija uliponyonya.

"Bibi, usimeze."

Bibi alimeza yote, akajifuta midomo kwa ncha ya leso, asimwaibishe mbele za watu.

"Matamu, mwanangu," alisema taratibu, akamrudishia kata tupu.